Ukurasa usio na jina ni wa mdogo wangu. Nimwambie jirani anayelia kwangu?

Shikamoo mama mshauri,

Ninaishi Mbeya mjini, upande wa Uyole, na ninaomba jina langu lisitajwe kwa sababu utakazoziona mwenyewe. Nina umri wa miaka 41, nimeolewa na nina watoto watatu. Wazazi wetu walifariki nikiwa bado msichana, kwa hiyo mdogo wangu wa mwisho wa kiume nimemlea mimi tangu akiwa darasa la pili. Sasa ana miaka 27. Alimaliza chuo, akatafuta ajira bila kupata, na kwa sasa anafanya kazi katika duka la steshenari karibu na soko la Mwanjelwa, ambako huwachapia watu barua na kuwatolea nakala. Ni kijana mpole. Akikutana na mtu mzima njiani huvua kofia kwanza ndipo aamkie, na sijawahi kumsikia akimjibu mtu vibaya, hata mume wangu anapomkaripia kwa jambo ambalo si kosa lake.

Hapa mjini kuna ukurasa wa Facebook unaofuatwa na watu wengi. Mwenye ukurasa hajulikani, anatumia jina la kubuni na ameweka picha ya mlima mahali ambapo wengine huweka uso. Ulianza kupata sifa ulipoandika kwamba mbolea ya ruzuku ilikuwa ikiuzwa mahali fulani kwa bei iliyozidi ile iliyotangazwa na serikali, ukaweka na picha za risiti. Wakaguzi walikuja na bei ikarudi inapostahili. Shemeji yangu analima viazi Umalila na alikuwa miongoni mwa walionufaika. Yeye na wenzake walikuwa wanajua wanaibiwa, lakini hakuna aliyethubutu kusema kwa jina lake, kwa kuogopa kunyimwa mbolea msimu unaofuata. Siku zile tulimwombea heri huyo mtu tusiyemjua.

Baadaye ukurasa ukabadilika. Ukaanza kuandika nani ameachwa na mumewe, nani anadaiwa na benki, binti wa nani amerudi kutoka chuoni akiwa na mimba. Watu wakazidi kuufuata, na wenye maduka wakaanza kulipa ili matangazo yao yawekwe humo.

Nina jirani ambaye ni mjane. Hununua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na kuwauzia wenye magari makubwa. Mwaka jana mwanawe wa kwanza alifariki kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Tukuyu, na miezi michache baada ya msiba jirani alinunua gari dogo la mizigo. Ukurasa ule ukaandika, bila kumtaja jina lakini kwa maelezo ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu angeshindwa kumtambua, kwamba mama huyo alichukua ndagu, yaani uchawi wa kutafuta utajiri kwa kumtoa ndugu kafara, na mtoto ndiye aliyetolewa. Ukaongeza kwamba aliuza shamba la marehemu mumewe muda mfupi kabla ya kifo cha kijana, kana kwamba alijua kinachokuja. Ni kweli aliuza shamba, na fedha hizo pamoja na mkopo wa kikoba ndizo zilizonunua gari. Lakini habari ya shamba alinieleza mimi peke yangu, jikoni kwangu, usiku mmoja ambao mdogo wangu alikuwa amekaa sebuleni.

Tangu hapo maisha ya jirani yangu yameharibika. Wanawake wa kikoba wanamwomba ajiondoe kwa hiari. Kwenye msiba wa juzi aliingia kusaidia kupika, na chakula kile hakikuguswa. Watoto wanakatazwa kunywa hata maji kwake. Usiku, mara mbili au tatu hivi, yamerushwa mawe juu ya bati la nyumba yake. Alikuja kwangu akalia, akaniambia, "Dada, habari ya shamba niliisema kwako tu." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa wakati huo na mimi nilikuwa sijui.

Nilikuja kujua Jumapili moja. Mdogo wangu alikuwa akitengeneza bomba la maji uani, mikono imejaa tope, akaniomba nimsomee ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu yake. Nilipoishika, ule ukurasa ulikuwa wazi, na haukuwa kama unavyoonekana kwa msomaji, ulikuwa kama unavyoonekana kwa mwenyewe, na chini kulikuwa na maneno ambayo yalikuwa hayajamalizika kuandikwa. Ujumbe wa malipo nao ulikuwa wa mwenye duka fulani anayelipia tangazo. Nilimsomea ujumbe, nikairudisha simu, nikaingia ndani. Hajui kwamba niliona.

Kuna jingine linaloninyima usingizi. Laini anayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu. Laini zilipoanza kufungwa mwaka 2020 yeye alikuwa bado hajapata namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nikamsajilia kwa namba yangu, na tangu hapo hatukubadilisha.

Mama, kijana niliyemlea simjui tena. Nikimtazama mezani anavyonawisha watoto wangu mikono kabla ya kula, najiuliza ni yupi wa kweli, huyu au yule wa kwenye ukurasa. Nikimfichua, nimempoteza. Nikinyamaza, nitakuwa namtazama jirani yangu akiangamia huku akinidhania mimi. Mume wangu bado sijamwambia. Naomba unisaidie kufikiri.

Ni mimi, dada mkubwa, Mbeya.

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kwa jinsi nilivyokuelewa, unajua jambo zito linalowahusu watu wawili unaowapenda, na wote wawili hawajui kwamba unalijua. Mmoja anaendelea kuishi kana kwamba hajaonwa. Mwingine anakutilia shaka kwa kosa ambalo hukulifanya. Na kwa sababu ya laini ile, wewe mwenyewe umeingizwa kwenye jambo hili bila kuulizwa. Kila siku unayonyamaza unawatunzia siri wote wawili, na kazi hiyo inachosha kuliko watu wanavyodhani.

Ninaomba tuanze na swali ulilouliza karibu na mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza kuliko hata lile la laini au la jirani: yupi ndiye wa kweli? Swali hilo limejengwa juu ya dhana kwamba mmoja kati ya wale wawili ni kinyago, kwamba ama upole wa mezani ni uongo, ama ukatili wa ukurasani ni uongo. Dhana hiyo ni ya kawaida, lakini nadhani si lazima uikubali. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, aliandika makala iliyosomwa sana kuhusu jinsi watu wanavyolegeza breki wakiwa mtandaoni. Alieleza kwamba kutojulikana, kutoonwa, na kutokuwepo kwa mtu wa kukujibu papo hapo humfanya mtu aseme asiyoweza kusema ana kwa ana, na kwamba ulegevu huo una pande mbili: wengine hufungua mioyo na kuonyesha wema ambao hawakuthubutu kuuonyesha, wengine hutukana na kuumiza. Suler hakukubali kwamba yule anayejitokeza huko ndiye mtu halisi aliyekuwa amejificha. Aliona kwamba mtu yuleyule hutoa sehemu tofauti za nafsi yake katika mazingira tofauti. Kijana anayewanawisha watoto wako ni wa kweli, na aliyeandika habari ya ndagu ni wa kweli pia. Najua hilo ni gumu zaidi kulipokea kuliko kinyago, lakini lina faida moja: yule uliyemlea bado yupo, na unaweza kuzungumza naye.

Tena, mwanangu, wewe mwenyewe umeomba jina lako lisitajwe, na ndiyo sababu umeweza kuniandikia mambo ambayo hata mumeo hujamwambia. Wakulima wa Umalila nao walipata haki yao ya mbolea kwa sababu kuna mtu aliyeweza kusema bila kujulikana. Nasema hivi kwa kuwa naona hatari ya kulitupia lawama lote hilo jina la kubuni na picha ya mlima, wakati jina lilelile na picha ileile ndivyo vilivyowaletea wakaguzi.

Basi kilichobadilika ni nini? Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Johnson na Downing, waliwavalisha wanawake mavazi ya aina mbili na kuwapa nafasi ya kuongeza au kupunguza mshtuko wa umeme waliodhani unampata mtu mwingine. Hakuna aliyeumizwa, mshtuko wenyewe haukuwepo. Kundi moja lilivaa majoho yanayofanana na yale ya kundi la Wamarekani weupe lililojulikana kwa kuwaua watu weusi, na kundi jingine lilivaa sare za wauguzi. Wengine walijulikana kwa majina, wengine hawakujulikana. Waliovaa sare za wauguzi bila kujulikana walipunguza mshtuko kuliko wauguzi wenzao waliotambulishwa. Maana yake ni kwamba mtu asiyejulikana hageuki kuwa mbaya kwa lazima, ila huvutwa zaidi na kile ambacho vazi lake na watu waliomzunguka wanakitarajia. Mdogo wako alipoandika bei ya mbolea alikuwa amevaa vazi moja. Wewe mwenyewe umeandika kwamba alipohamia kwenye ndoa na madeni ya watu ndipo wafuasi walipozidi na wenye maduka wakaanza kulipa. Kijana aliyesoma, aliyetafuta kazi kwa muda mrefu bila kupata, ambaye mchana kutwa huwatolea nakala watu wasiomtazama usoni, usiku anasomwa na mji mzima. Simtetei, lakini ukimkabili bila kulielewa hilo, mtazungumza mambo mawili tofauti.

Haya si mageni kwetu. Katika baadhi ya vijiji vya nchi yetu, wizi wa mifugo ukizidi, mkutano wa kijiji huamua watu wapige kura ya siri, kila mtu aandike kwenye kipande cha karatasi jina la anayemshuku. Kura hizo zimewahi kumtaja mwizi ambaye kila mtu alimjua na hakuna aliyethubutu kumtaja. Pia zimewahi kumtaja mtu ambaye kosa lake pekee ni kwamba ng'ombe wake wanazaa kuliko wa jirani. Karatasi ni ileile na usiri ni uleule, ila wivu nao hupata nafasi ya kuandika. Wazee wenye busara wanaosimamia kura kama hizo hukataa kumwadhibu mtu kwa wingi wa karatasi peke yake, wakadai ushahidi. Kwenye ukurasa wa mdogo wako hakuna mzee wa kudai ushahidi.

Hapa kuna jambo ambalo kisa chako kinanitatiza, na nitakueleza waziwazi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, waliwapa watu mada ya kubishania kwa maandishi kupitia kompyuta, wakalinganisha wasiojua majina ya wenzao, wasioonana, na wasiotazamana machoni. Kukosa kutazamana machoni ndiko kulikochochea matusi na vitisho kuliko kukosa majina. Maelezo hayo yanatosha kwa mtu anayemtukana mgeni aliye mbali. Lakini mdogo wako anamwona mama huyu kila asubuhi na kumwamkia. Pengine amekula kwake. Kwa hiyo ninakuuliza: siku jirani alipokuja kulia kwako, kijana alikuwepo? Aliyasikia yale? Anajua kuhusu mawe juu ya bati? Inawezekana kabisa kwamba yeye anaona alama za vicheko na maoni chini ya maandishi yake, wala hajawahi kuona chakula kinachobaki kwenye sufuria ya msibani. Inawezekana pia kwamba anajua yote na ameendelea. Hali hizo mbili ni tofauti sana, na wewe ndiye uliye karibu kuliko mtu yeyote kuweza kujua ni ipi.

Huenda umejisemea kwamba laiti kila mtu angelazimishwa kuandika kwa jina lake, balaa hili lisingetokea. Korea Kusini ilijaribu. Kuanzia mwaka 2007 sheria yao iliilazimisha mitandao mikubwa kuthibitisha utambulisho wa kila anayeandika, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta, ikiona kwamba faida iliyokusudiwa haikuonekana kiasi cha kuhalalisha kubana uhuru wa watu kusema. Na hapa kwetu, mwanangu, wale wanawake wa kikoba wanaomtaka mama wa watu ajiondoe wanasema hivyo kwa majina yao na nyuso zao. Mdogo wako aliwasha moto, lakini wanaoongeza kuni wote wanajulikana.

Tena mdogo wako hafichiki kama anavyodhani. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na uchunguzi ukianza, jina litakalotoka kwanza ni lako. Ukipiga *106# utaona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiamua kuiondoa laini hiyo kwenye jina lako, fanya hivyo kwenye ofisi ya kampuni ya simu yenyewe. Fahamu kwamba kuiondoa leo hakufuti yaliyoandikwa ilipokuwa yako, na kwamba kuifunga ghafla kutamwambia mdogo wako unajua kabla hujamwambia kwa mdomo wako. Kabla ya hatua hiyo ningependa uongee na mwanasheria, au na msaidizi wa kisheria kama gharama ya wakili ni kubwa kwako. Wapo wanaotoa msaada huo bila malipo.

Sasa tuziangalie njia zako, nami sitaficha ubaya wa kila moja.

Ya kwanza ni kukaa na mdogo wako, ninyi wawili tu. Ubaya wake ni kwamba anaweza kukana, akafuta, akahamia laini nyingine na jina jingine, na safari hiyo usijue. Anaweza pia kuligeuza shauri, akalalamika kwamba ulimchungulia simu, ingawa yeye ndiye aliyekupa. Ukichagua njia hii, fikiri utaanzia wapi. Ukianza na sheria na polisi, atajilinda. Ukianza na aibu ya familia, atanyamaza kama alivyozoea kunyamaza mbele ya mumeo. Sijui kama ukianza na yule mama na yale mawe atafunguka, lakini angalau mtakuwa mmeanza na mtu aliyeumia. Na usiipite habari ya mbolea. Ni jambo jema alilolifanya kwa ujasiri, na asipolisikia kutoka kwako atalishika kama ngao na kusema bila yeye wakulima wangeendelea kuibiwa. Anaweza kulifurahia hilo na bado akajibu kwa nini habari ya mbolea ilikuwa na picha za risiti na ya ndagu haina ushahidi wowote.

Liko pia swali la nini kifanyike kwa yale aliyoyaandika, kama atakubali kosa. Kuyafuta ni rahisi, ila waliokwisha kuyapiga picha wataendelea kuyasambaza. Kuandika ukanusho kwenye ukurasa uleule kuna nguvu zaidi, kwa kuwa wasomaji ni walewale. Lakini angalia: ukanusho ukieleza kwamba fedha za gari zilitokana na shamba na mkopo, utakuwa umemwaga tena hadharani mambo ya mfukoni ya mjane ambayo aliyasema kwako jikoni kwa siri. Hilo lisifanyike bila yeye kuulizwa, na huwezi kumwuliza bila kumweleza kiasi fulani cha ukweli.

Hapo tunafika kwenye njia ya pili, ya kumwambia jirani. Umeliweka jambo hili kana kwamba ukimwambia yeye umemsaliti ndugu, na ukimlinda ndugu umemsaliti yeye. Ninaelewa kwa nini linaonekana hivyo. Lakini inawezekana kumwambia kwamba si wewe uliyetoa habari ile, kwamba unajua ilivyotoka, na kwamba unaomba muda mfupi wa kulishughulikia kabla ya kumweleza mengine. Hatari yake ni kwamba mtu aliyefiwa na kutengwa hana sababu ya kukupa muda, na anaweza kuyaunganisha mwenyewe mara moja, kwa kuwa anajua nani alikuwa sebuleni. Upande mwingine, akija kugundua baadaye kwamba ulijua na ukamwacha akihangaika, kidonda hicho kitakuwa na jina lako. Sikuwekei mizani. Ninakuomba tu ukumbuke kwamba yeye pia ana haki ya kuamua anachotaka kufanya kuhusu jina lake na la mwanawe marehemu, na kwa sasa haamui chochote kwa sababu hajui.

Njia ya sheria ipo, na ni nzito. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha habari za uongo akijua ni za uongo, kwa nia ya kumkashifu mtu au kupotosha umma, kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Uchawi, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1928, nayo inafanya kumtuhumu mtu kwa uchawi kuwa kosa. Mambo haya yakishafika mezani kwa polisi, si wewe wala jirani mtakaoyaongoza. Wapo watakaosema kijana wa miaka 27 ni mtu mzima na abebe alichokitenda, na hoja yao ina uzito. Wapo watakaosema mlango wa gereza usiwe wa kwanza kubishwa. Mimi nasema tu kwamba mlango huo ni wa jirani yako kuubisha kama akitaka, na hata ukimpenda mdogo wako kiasi gani, usijitwike kazi ya kumzuia.

Kuhusu mumeo, umenieleza kwamba humkaripia kijana hata pasipo kosa, nadhani ndiyo maana umesita. Kusita huko kunaeleweka. Lakini laini iko kwa jina la mke wake, na jambo likilipuka atakuwa wa mwisho kujua ndani ya nyumba yake. Kama yuko mzee katika ukoo wenu, mjomba au shangazi ambaye kijana anamheshimu na ambaye ana kifua cha kutunza neno, huenda akafaa kukaa nanyi kuliko kikao kikubwa, maana kikao cha ukoo kina masikio mengi, na siri ikitoka humo itarudi mtaani ikiwa imeongezwa mengine.

Njia ya mwisho ni kunyamaza, na siidharau, kwa sababu watu wengi wema huichagua wakitumaini moto utazimika wenyewe. Maneno mengine ya ukurasani huzimika kweli. Tuhuma ya ndagu ni ya aina nyingine. Nchini mwetu watu wameuawa kwa tuhuma za uchawi zilizoanza kama minong'ono, na mawe juu ya bati ni dalili kwamba minong'ono imeshapata mikono.

Kwa sababu hiyo, hilo la mawe naomba ulitenge na mengine yote. Unaweza kuchukua hata mwezi kufikiri utamwambiaje mdogo wako, lakini usalama wa mama huyo usingoje. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuelezwa leo kwamba nyumba ya mjane inarushiwa mawe, bila mtu yeyote kuuliza nani mwenye ukurasa. Kiongozi wa jumuiya yenu anaweza kuombwa aende kwake akaonekane anakula pale. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na yeye mwenyewe anaweza kwenda kueleza hofu yake, wewe ukiwa naye. Na kama mumeo ataridhia, wakaribishe yeye na watoto wake walale kwenu siku ambazo hali inatisha.

Niandikie tena ukishapata jibu la lile swali langu, kama kijana alikuwepo jirani alipokuwa akilia. Nitakuwa nakusubiri.